Watengeneza programu za Wii: wekeni kibodi ya USB, tumechoka!

Wakuu, uzi huu nimeufungua kwa hasira na sitauremba.

Unapakua programu ya Wii, ile mashine ya michezo ya Nintendo, iliyotengenezwa na wapenzi wa mashine hiyo wenyewe (homebrew). Inakutaka uandike anwani ya seva, neno la siri, au amri za DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta) ndani ya emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine, halafu inakuchorea vitufe kwenye skrini uvilenge kwa rimoti, herufi moja moja. Mkono ukitikisika kidogo, inaingia herufi ya jirani. Futa, anza tena. Na nyuma ya mashine kuna matundu mawili ya USB yapo wazi!

Ukilalamika unaambiwa mashine hii haikuundwa kwa ajili ya kibodi. Si kweli. Nintendo wenyewe waliiruhusu kibodi ya USB tangu 2007.

Wengine wanasema kazi ni kubwa. Kubwa ipi? Kibodi ya kawaida katika hali yake ya msingi hutuma baiti 8 tu: ya kwanza inabeba Shift, Ctrl na wenzao, ya pili haitumiki, sita zilizobaki ni vitufe vilivyobonyezwa. Na hata hizo huna haja ya kuzisoma mwenyewe, maana libwiikeyboard, sehemu ya kibodi iliyomo kwenye libogc (maktaba ya msimbo ya kutengenezea programu za Wii), inakufanyia. Unaita KEYBOARD_Init, unapokea matukio (kitufe kimebonyezwa, kimeachiwa) kwa KEYBOARD_GetEvent, ukimaliza unaita KEYBOARD_Deinit. Basi.

Wanaoniudhi zaidi ni walioiweka nusunusu kisha wakatangaza kwamba ipo. Wanachukua tukio moja tu kwa kila fremu, yaani kila picha inayochorwa kwenye skrini, kwa hiyo ukichapa haraka herufi zinakuja zikijikokota. Rudia kuita mpaka foleni ya matukio iishe, jamani! Kwenye michezo ndiyo balaa: kitufe kinapaswa kuhesabika kimebonyezwa hadi KEYBOARD_RELEASED, tukio la kuachiwa, ifike, na waya ukichomoka, yaani KEYBOARD_DISCONNECTED, futa orodha yote ya vitufe vilivyobonyezwa. Usipofuta, mhusika anaendelea kutembea peke yake hadi afe.

Halafu mpangilio wa herufi. Kibodi yangu ni ya mtumba, ya Kijerumani. Kitufe kilichoandikwa Z kinatuma 0x1C, namba ambayo kwenye kibodi ya Kimarekani ni Y. Mtu aliyejiandikia jedwali lake la Kimarekani ndani ya programu amenifungia neno langu la siri, kwa sababu nyota zinaficha kilichoingia na sijui nimekosea wapi. Maandishi yasomwe kwenye symbol, yaani herufi yenyewe iliyokwisha kutafsiriwa, na mtumiaji aachiwe kuchagua ramani ya kibodi yake. Keycode, ile namba ya kitufe, iacheni kwa vitufe vya kutembea, ambako kinachotakiwa ni mahali kitufe kilipo.

Mwenye programu ya Wii inayoomba maandishi na haina kibodi, njoo hapa ueleze kwa nini. Kama msimbo wako uko wazi, weka kiungo. Sehemu ya kibodi nitaiandika mimi na kukutumia.