Fundi kakwangua stika hadi bati, halafu eti "bosi, hukusema niache rangi"

Wakuu, nimefura. Mods msiuguse huu uzi kabla sijapumua.

Fundi mwenyewe mnamjua, simtaji. Ukifika pale ukakuta redio inapiga kelele kuliko gereji nzima, ndiye. Nimempelekea kirikuu yangu nyeupe, kale kagari kadogo ka mizigo, imeshuka bandarini na maandishi ya Kijapani milangoni, sijui huko ilikuwa inauza samaki au majeneza. Nikamwambia toa haya maandishi. Kazi ya kitoto: unapasha joto na drayeri ya nywele gundi ilegee, unaanzia kona, unavuta taratibu, gundi inayobaki unaifuta na mafuta ya taa. Drayeri ya wife nimempa mkononi!

Narudi, jamaa kashika MSASA. Ule mkavu wa kusugulia mbao. Mlango wa kushoto bati tupu, unang'aa hadi naona meno yangu. Namuuliza kulikoni, ananitazama kwa huruma, huku anatafuna karanga zangu za kwenye dashibodi: "Bosi, ulisema toa maandishi. Hukusema niache rangi."

Hukusema niache rangi!! Kwa hiyo nikienda saluni niseme kabisa niachieni na masikio?

Mlango wa kulia kaupaka thina. Ule ulishawahi kupulizwa rangi mtaani, basi ikalainika yote ikajikunja. Drayeri? Nimeikuta inakausha soksi.

Hukusema. Niache. Rangi.

Spana Kumi: Kosa lako mkuu. Fundi haambiwi cha kutoa, anaambiwa cha kubakiza 😂

Binti Tegeta: Hayo mafuta ya taa nayo usipoyaosha na sabuni, vumbi lote la Bagamoyo Road linahamia mlangoni.

Mzee wa Jeki: Kelele za bure. Hata angebandua vizuri, kivuli kingebaki. Rangi ya pembeni imepigwa jua miaka, ya chini ya stika haijaliona. Yangu ya bluu nilivuta kwa drayeri vizuri kabisa, nikapiga na kompaundi ya kung'arishia rangi, na bado jioni ukisimama kwa ubavu unasoma Kijapani chote.

Mtoa mada: Bora kivuli mzee wangu, kivuli hakishiki kutu! Na chumvi hii ya pwani? Eti "hukusema niache rangi", jamani!

Chuma Ulete: Ukirudishia, weka nyeupe hiyohiyo. Kadi inasema nyeupe, trafiki watakufanya ATM.

Kipara Ngoto: Unalilia mlango? Mimi suti ya harusi nimeshonewa mguu mmoja mfupi. Fundi ananiambia "muda mwingi utakuwa umekaa".

Binti Tegeta: Wa nguo ana afadhali. Wa aluminiamu kala advansi yangu tangu mwaka jana, nikipiga anasema "niko njiani dada". Njia gani hiyo, ya Kigoma?

Spana Kumi: Huyo si yule wa kofia nyekundu?

Binti Tegeta: HUYOHUYO!!

Kipara Ngoto: Weee! Ana hela ya shemeji yangu. Mara ya mwisho kaonekana wapi?

Mtoa mada: Na milango yangu wakuu?

Spana Kumi: Subiri kwanza mkuu, tunamtafuta wa kofia.