Besi fupi ya Kijapani ya miaka ya 60, chumvi ya Lamu, na sauti ya sahani za 45

besi_mkunguni (Lamu)

Assalaam alaykum wakubwa. Naomba msaada wa mambo mawili yanayokwenda pamoja.

La kwanza ni gitaa la besi la Kijapani la miaka ya 60, halina jina kichwani. Kutoka kizingiti cha nyuzi hadi fireti ya 12 (fireti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) ni milimita 381. Lina pikapu moja (koili yenye sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi), volyumu moja na toni moja. Ukibana uzi kwenye fireti ya kwanza na ya mwisho, nafasi kati ya uzi na fireti za katikati ni milimita 1.1, na kichwani hakuna tundu la ufunguo wa kunyooshea shingo. Volyumu inakwaruza. Sauti inatoka hafifu, nyembamba kama mbu, na ukipunguza toni inapotea kabisa. Skrubu za briji zimeshikwa na kutu na mbili vichwa vyake vimeanza kulika.

La pili ni sahani za santuri za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika: taarabu za Mombasa za lebo ya Mzuri, na benga za POK. Nataka kuzitoa besi zake noti kwa noti, na kuipata sauti ile nene, fupi, isiyovuma. Santuri ni ya Kimarekani ya volti 117, inatumia transfoma. Inazunguka vizuri bila kuyumba, lakini kila wimbo unatoka chini, kama nusu-sauti tatu hivi ukilinganisha na kinanda.

Nianze wapi, na nisiguse nini?

fundi_waya (Malindi)

Waalaykum salaam ndugu. Anza na umeme wa gitaa, kwa sababu dalili zako zinaelekeza mahali pamoja: waya wa koili ya pikapu umekatika. Koili iliyokatika haifi kimya. Sauti kidogo huruka pengo la mkato, zile za juu tu, ndiyo unasikia mbu.

Hakikisha bila kufungua kitu. Chomeka kebo, fungua volyumu mwisho, weka multimita kwenye skeli ya megaomu 2, pima ncha ya kebo na mwili wa plagi. Ukipata karibu kiloomu 250 au 500, hiyo ni volyumu peke yake unayoipima, na koili imekatika. Koili nzima ingeshusha kipimo hadi kiloomu chache. Kwa kulinganisha, pikapu ya Fender Precision, besi maarufu ya Kimarekani, husoma takriban kiloomu 10 hadi 11. Za Kijapani hutofautiana sana, kwa hiyo usihangaike na namba kamili. Tafuta namba isiyorukaruka.

Kwenye hewa yetu mkato mara nyingi hauko ndani ya koili. Uko pale waya mwembamba unapokutana na waya mnene, maana chumvi na unyevu hukaa kwenye lehemu. Utaona ukijani. Waya huo una unene wa takriban milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, kwa hiyo tumia kioo cha kukuzia na taa. Ikiwa umekatika mwisho wa nje, fungua mzunguko mmoja tu upate urefu, kwangua vanishi kwa msasa namba 1000 uliokunjwa, bila kukandamiza, kisha lehemu kwa pasi ya wati 25, isizidi sekunde tatu. Ukikawia, plastiki ya koili inayeyuka na mizunguko ya chini inalegea. Ikiwa umekatika mwanzo wa koili, ule ulio ndani kabisa, acha. Hapo inasukwa upya.

Volyumu: puliza dawa ya kusafishia swichi isiyo na mafuta kwenye uwazi ulio juu ya miguu yake mitatu, zungusha mwanzo mpaka mwisho mara 30. Usitumie mafuta ya kulegezea nati za mashine. Yatanyamazisha mkwaruzo wiki moja, halafu yananasa vumbi na chumvi na unarudi pabaya zaidi. Kama ni lazima kubadilisha, nunua yenye shingo (ile sehemu inayopita kwenye tundu la ubao) ya milimita 7. Zile kubwa za Kimarekani zina shingo ya milimita 9.5, na watu hutoboa ubao wa gitaa la zamani ili ziingie. Tafadhali usitoboe. Tundu hilo halirudi.

Skrubu zako zinalika vichwa kwa sababu nyingine kabisa. Skrubu za msalaba za Kijapani zina umbo lake, na bisibisi ya kawaida ya msalaba haikai hadi chini, ndiyo maana inateleza. Mafundi wa pikipiki wana bisibisi za Kijapani, ziulizie. Kabla ya kufungua, gusisha ncha ya pasi ya lehemu kwenye kichwa cha skrubu dakika moja, acha ipoe, kisha jaribu. Joto huvunja kutu. Ukiweka skrubu mpya za chuma kisichoshika kutu kwenye briji ya aloi nyepesi, zipake grisi kidogo kwanza. Metali mbili tofauti zikikutana na chumvi, ile dhaifu huliwa. Mafundi wa injini za mashua hapo Lamu wanalijua hili vizuri.

nyuzi_bapa (Lamu)

Fundi amemaliza umeme, mimi nishike shingo na nyuzi, maana ndipo ilipo ile sauti unayoitafuta.

Milimita 1.1 ni upinde mkubwa wa shingo. Kawaida ni 0.25 hadi 0.4. Lakini usiseme haina chuma cha kurekebisha mpaka uifungue: kwenye baadhi ya magitaa nati iko upande wa kisigino, imefichwa na kibao cha plastiki. Legeza nyuzi zote, toa skrubu nne za nyuma, tazama. Ukiikuta, kaza robo mzunguko, rudisha nyuzi, subiri siku nzima, pima tena. Ikikataa kuzunguka, simama hapo hapo. Shingo nyingi huharibikiwa na mkono unaolazimisha.

Kama haipo, basi shingo hairekebishiki kwa ufunguo, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza mvuto wa nyuzi. Urefu wa uzi wako ni milimita 762, wakati besi ndefu ni 864. Uzi uleule, sauti ileile, kwenye gitaa fupi huvuta kwa takriban asilimia 78 tu ya mvuto wa kwenye gitaa refu, kwa hiyo tayari una nafuu. Ongeza nafuu hiyo kwa nyuzi zilizovikwa utepe wa nailoni. Mvuto wake kwa kawaida ni mdogo, na utepe unaikinga chuma na jasho na hewa ya bahari. Tatizo lake ni unene. Mianya ya kizingiti italazimika kupanuliwa kidogo kwa tupa ya duara. Panua ubavuni tu, usichimbe chini, la sivyo uzi utagonga fireti ya kwanza.

Njia ya pili ni nyuzi za chuma bapa, zile laini zisizo na mikwaruzo. Ndizo zilizokuwa za kawaida kwenye besi za umeme mwanzoni. Nyuzi zilizovikwa waya wa duara zilikuja miaka ya 60, Rotosound ya Uingereza ikiwa mbele. James Jamerson, aliyepiga besi nyingi za Motown, kampuni ya sahani kule Detroit, alitumia Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa nene na sponji chini ya kifuniko cha briji, na nyuzi hizo alikuwa habadilishi ovyo. Ndiyo sauti fupi unayoisema. Haikutokana na uzee wa mbao.

Nunua nyuzi zilizoandikwa za gitaa fupi. Ukiweka ndefu, sehemu nene ya uzi itazungushwa kwenye kigingi, na uzi bapa huvunjika pale unapokunjwa. Na ukikata uzi wowote, ukunje kwanza digrii 90, kisha kata baada ya mkunjo. Ukikata ukiwa umenyooka, vazi, yaani waya uliozungushiwa, linalegea juu ya kiini na uzi unakufa kabla hujaupiga.

Sponji: kata kipande cha sentimita moja kwa unene, kipana kama nyuzi zote nne, kiingize chini ya nyuzi karibu na briji. Kigusane nazo, kisizisukume juu. Kikizisukuma, gitaa litatoka kwenye tyuni kadiri unavyopanda shingoni. Toni ifunge hadi robo. Kapasita ya toni kwenye Precision za mwanzo ilikuwa maikrofaradi 0.1, baadaye 0.05. Hiyo 0.1 hufunika zaidi, nami naipendelea kwa taarabu, kwa sababu inaacha nafasi ya udi na fidla juu.

Wala usilitundike gitaa ukutani. Kuta zetu za mawe na chokaa hutoka jasho wakati wa kusi. Liweke kwenye kasha, mbali na ukuta, na vifuko vya chembe za kufyonza unyevu. Vikijaa maji vikaushe kwenye moto mdogo, vitumike tena.

santuri45 (Malindi)

Santuri yako haina ubovu. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi masafa ya umeme. Mota hiyo imetengenezwa kwa hezi 60 za Marekani, na hapa Kenya tuna hezi 50. Kwa hiyo sahani ya mizunguko 45 inazunguka 37.5, na sauti inashuka nusu-sauti tatu na kidogo, kama ulivyosikia. Mota pia hupata joto zaidi, usiiache saa nyingi.

Suluhisho la haraka: rekodi hivyohivyo kwenye kompyuta, kisha kwenye programu zidisha mwendo na sauti pamoja kwa 1.2. Suluhisho lililo bora ni puli ya mota yenye kipenyo kikubwa mara 1.2. Kama ngazi ya 45 ina milimita 5, inatakiwa 6, yaani fundi wa leithi atengeneze kipete cha shaba cha kuvalisha puli, chenye ukuta wa nusu milimita. Kiwe duara kamili, la sivyo utasikia sauti ikiyumba kwenye kila noti ndefu. Pima kwa karatasi ya mistari chini ya taa ya umeme wa hezi 50: kwa 45 mistari ni 133, na ikionekana imesimama, mwendo uko sawa.

Sindano: sahani hizo ni za mono. Ncha ya maikroni 25 inakaa vizuri kuliko ya stirio ya 18, hasa mfereji ukiwa umechakaa. Ukitumia kichwa (kile kinachobeba sindano) cha stirio, unganisha kushoto na kulia kuwa mono, na mkwaruzo mwingi wa juu-chini utafutika wenyewe. Uzito gramu 2 hadi 3 kwa kichwa cha sumaku. Tundu kubwa la milimita 38 linahitaji kizibo cha katikati, na kikae sawasawa kabisa.

Kuosha: maji ya kisima ya Lamu yana chumvi, yakikauka yanaacha mchanga kwenye mfereji. Tumia maji yaliyosafishwa ya kuongezea kwenye betri, yale ya kawaida, angalia chupa vizuri isiwe asidi. Tone mbili za sabuni ya vyombo kwa lita, lebo isilowe, kausha kivulini zikiwa zimesimama. Spiriti usiiguse kwenye sahani za zamani za 78, inayeyusha shelaki.

Kutoa besi: wengi hupunguza mwendo kwanza. Badala yake pandisha oktavu moja. Uzi wa E ulio wazi ni hezi 41, na spika ndogo na simu hazitoi chochote huko. Ukipanda hadi 82, sikio linaushika mara moja. Kata chini ya hezi 30 uondoe mngurumo wa mota, na juu ya 800 upunguze sauti ya mwimbaji. Tumia hedifoni.

besi_mkunguni (Lamu)

Allah awalipe kheri. Kipimo kwenye kebo: kiloomu 493. Nikafungua: ukijani kwenye lehemu ya nje, waya umekatika hapo. Baada ya kulehemu ni kiloomu 6.2, haibadiliki. Shingo nayo haina nati popote, hata kisiginoni. Swali moja limebaki: hapa hakuna amplifaya ya besi, kuna mikisa tu. Niingize moja kwa moja?

fundi_waya (Malindi)

Hongera, ni wa nje. Paka nta iliyoyeyuka juu ya lehemu hiyo mpya, tone moja tu, chumvi isirudi.

Mikisa hapana, si moja kwa moja. Ingizo lake la laini huwa na kiloomu 10 au 20 hivi, na pikapu yako inataka karibu megaomu moja. Itapoteza nguvu na sauti za juu, utadhani umekosea kulehemu. Weka katikati kisanduku cha DI chenye betri, kinachofanya ishara ya gitaa ifae mikisa, kutoka hapo uingie kwenye ingizo la maikrofoni. Kama santuri yako ina kichwa cha seramiki, nacho kinataka megaomu hiyohiyo. Kikiingizwa kwenye laini kinapoteza besi, ile ile unayoitafuta.

nyuzi_bapa (Lamu)

Na kwa shingo hiyo, chukua za nailoni. Zikifika, tyuni nusu-sauti mbili chini kwa wiki ya kwanza, pima upinde kila siku, kisha panda. Upinde ukibaki chini ya milimita 0.6, gitaa linapigika. Ukizidi, shingo itahitaji kunyooshwa kwa joto na vibano, na hiyo mpe fundi wa magitaa aliyewahi kuifanya.

Ukilivusha gitaa kwa boti ya Mokowe, kasha lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, na ukifika ulifungue siku hiyohiyo. Unyevu ukifungiwa ndani ni mbaya kuliko mawimbi.