Naomba ushauri: nimlipe mama fua au niendelee kufua mwenyewe?

Hamjambo wenzangu. Naishi Umoja, Nairobi, kazi iko Westlands. Kwa msongamano wa Jogoo Road, natoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Napumzika Jumapili pekee, nayo huishia kwenye beseni, masaa matano. Mama fua wa ploti yetu anataka shilingi 600 kila wiki, yaani 2,400 kwa mwezi, na karo ya Januari inakaribia. Mamangu anasema ni uvivu. Mimi sikubali, Jumapili iliyopita mwanangu wa miaka minne alilala akinisubiri nimalize kuanika. Iliniuma sana. Nyinyi wenye mishahara midogo mnaomlipa mama fua, mlipunguza matumizi gani?