Warsha ya densi Vienna mwezi wa Julai pamoja na likizo: nipange vipi kutoka Kisumu?

Pekupeku_Winam (Kisumu)

Hamjambo wadau. Naomba ushauri wa wanaoyajua haya mambo.

Nacheza densi ya kisasa mara tatu kwa wiki, saa mbili kila kipindi, kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji. Nataka kwenda Vienna mwishoni mwa Julai kwa wiki mbili za madarasa ya ImPulsTanz, tamasha la densi la huko, halafu wiki moja ya kutembea: Bratislava, Budapest, na London kwa binamu yangu. Jumla ni siku 21. Pasi yangu imebakisha miezi 14.

Maswali: viza niombe ya utalii au ya masomo? Nianze na likizo au na madarasa? Na kwa kuwa nauli ni ile ile, kuna ubaya gani nikichukua madarasa matatu kwa siku nifaidi?

Karani_wa_Safari

Nianze na London: itoe. Uingereza haimo kwenye Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), inataka viza yake na ada yake. Pia, ukitoka Schengen kwenda London ukiwa na viza ya kuingia mara moja, huwezi kurudi Vienna kupanda ndege ya nyumbani. Binamu apande ndege akufuate Budapest, itakuwa rahisi kwenu nyote. Slovakia na Hungary zote ni Schengen, hizo hazina shida.

Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwako ni Austria, siku 14 kwa 7. Lakini ukibadilisha mpango ukalala Budapest muda mrefu kuliko Vienna, basi ombi ni la Hungary. Watu wengi hukwama hapo: wanaomba ubalozi wenye miadi ya karibu, halafu hoteli walizoambatisha zinaonyesha nchi nyingine.

Kwa wiki mbili za warsha unaomba viza ya muda mfupi, ile ya hadi siku 90. Viza ya mwanafunzi ni ya kozi ndefu. Kwenye fomu sehemu ya sababu ya safari, usiandike utalii peke yake halafu uambatishe risiti ya madarasa. Weka utamaduni, na kwenye barua ya maelezo (ukurasa mmoja unatosha) sema wazi: tarehe hizi niko darasani, tarehe hizi natembea, tarehe hii narudi. Kuficha mafunzo ukidhani utalii ndio mwepesi ni kujichongea, kwa sababu karatasi zako zenyewe zitakusuta. Na usiahidi kupanda jukwaani kwa malipo. Hiyo ni kazi, ina sheria nyingine.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ukinyimwa. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45, kwa hiyo wewe hesabu 45. Kwa safari ya mwisho wa Julai peleka Aprili. Mei mwishoni ni kubahatisha. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Miezi yako 14 inatosha, hesabu kurasa tu. Alama za vidole utatoa mwenyewe Nairobi, kwa hiyo weka nauli ya basi kwenye bajeti.

Tiketi ya ndege usilipe kabla ya viza. Kinachotakiwa ni nafasi iliyoshikwa. Madarasa nayo, kabla ya kulipa soma masharti ya kurudishiwa pesa: mwisho wa kughairi ni lini, na wanakata kiasi gani.

Jambo la mwisho ni pesa. Kama mchango ni wa harambee, usiuingize benki kwa mkupuo wiki moja kabla ya miadi. Akaunti iliyokuwa na elfu nane ikaamka na laki tatu huzua maswali. Zikusanye mapema, ambatisha taarifa ya M-Pesa inayoonyesha zilivyoingia kidogo kidogo, na barua fupi ya kueleza nani kachanga na kwa nini.

Mwalimu_Sakafu (Nakuru)

Karani kamaliza ya ubalozi, mimi niseme ya miguu.

Piga hesabu. Sasa unacheza saa 6 kwa wiki. Madarasa matatu ya saa 2 kwa siku tano ni saa 30. Hiyo ni mara tano ya ulichozoea, na mfupa haujui kwamba umelipa nauli. Pumzi na misuli huzoea haraka, kano na mifupa huchelewa. Ndiyo maana siku ya tatu mtu hujiona simba, na ya saba ugoko unauma hata akishuka ngazi. Kwa mtu wa saa 6, chukua darasa moja zito (miruko, kuanguka, mbinu za sakafuni) na moja jepesi (sauti, ubunifu, kuachilia mwili). La tatu liache. Hata hayo mawili ni kama saa 20 kwa wiki, na hapo tayari uko juu.

Matayarisho yachukue wiki nane: saa 6, 7, 8, kisha urudi 6. Halafu 9, 10, 12, na wiki ya mwisho kabla ya ndege ushuke hadi 7. Zile wiki za kushuka zisirukwe, ndizo mwili unazojengea. Na saa zinazoongezeka zisiwe za kuruka tu. Kwenye saruji miruko iwe michache na iwe mwishoni mwa kipindi, mwili ukiwa moto. Saruji haina mnepo, kila unapotua pigo lote linarudi kwenye ugoko na goti. Mkipata uwanja wa nyasi usio na mashimo, miruko hamishieni huko. Mikeka ya sponji ya watoto msiitumie, huteleza na huvunja vifundo.

Kipimo cha bure: simama mguu mmoja bila viatu, goti limenyooka, vidole viwili vikigusa ukuta, pandisha kisigino hadi juu kabisa mara 25 bila kupumzika. Fanya kila mguu. Usipofika 20, vigimbi vyako haviko tayari kwa wiki mbili mfululizo. Seti 3 kila baada ya siku moja, utafika.

Studio za huko mara nyingi ni mbao zenye mnepo, juu yake zulia la vinyl. Magoti yatashukuru, lakini ngozi italia. Saruji laini huteleza, vinyl hung'ang'ania, na ukizunguka pekupeku ngozi ya chini ya kidole gumba hubaki sakafuni. Beba plasta ya kitambaa ya kuviringisha, si ile ya kubandika kidonda ambayo hutoka kwa jasho. Ngozi ngumu ya wayo isugue kidogo iwe sawa, usiitoe yote, hiyo ndiyo soli yako. Vaselini usiku, kamwe si kabla ya darasa: utaanguka wewe na atakayekufuata. Pedi za magoti nunua huku na uzizoee, mpya zikivaliwa siku ya kwanza huchubua nyuma ya goti.

Mpangilio: fika siku mbili kabla ya darasa la kwanza. Baada ya safari ndefu ya ndege vifundo huvimba, saa 24 za kwanza usiruke. Tembea, nyoosha, lala. Kisha madarasa, na likizo mwisho. Ukianza na likizo, utatembea mji kilomita 15 kwa siku kwenye mawe na viatu vyepesi, halafu uingie darasani na vigimbi vilivyokwisha.

Na usingizi! Tofauti ya saa ni moja tu, hiyo si kitu. Lakini mwishoni mwa Julai jua la Vienna huzama karibu saa tatu kasorobo usiku. Mtu wa Kisumu aliyezoea giza la saa moja hujikuta bado yuko nje saa tano na darasa ni saa tatu asubuhi. Beba kitambaa cha kufunika macho.

Nyar_Dunga

Nakubaliana na Mwalimu, ila kwenye "likizo mwisho" naongeza neno. Likizo isingoje wiki ya tatu yote. Wikendi ya katikati iache wazi, usinunue warsha za Jumamosi na Jumapili hata zikikuvutia. Bratislava ni kama saa moja kwa treni, inaenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kwenye treni umeketi. Siku nyingine nenda Donauinsel, kisiwa kirefu katikati ya mto Danube, kuogelea ni bure. Kwa miguu iliyochoka maji baridi ni bora kuliko jumba la makumbusho. Makumbusho ni kusimama, na kusimama huchosha mgongo kuliko kucheza.

Kutoka uwanja wa ndege chukua treni ya S7, si ile ya CAT inayotangazwa kila ukuta. Zote hufika stesheni ya Wien Mitte, ya pili ni ghali zaidi kwa dakika chache unazookoa. Jumapili maduka Austria hufungwa, ukifika Jumamosi jioni nunua chakula kabla ya kulala. Maji ya bomba ni ya chemchemi za milimani, jaza chupa popote. Lala penye jiko. Kula nje mara mbili kwa siku kwa wiki tatu ni nauli nyingine.

Halafu swali ambalo hujauliza: lazima iwe Ulaya? Kuna shule ya densi ya École des Sables, Toubab Dialaw, Senegal, kusini mwa Dakar, kando ya bahari. Waanzilishi ni Germaine Acogny na mumewe Helmut Vogt. Acogny ndiye aliyepewa tuzo ya Simba wa Dhahabu wa densi huko Venice mwaka 2021. Mbinu yake imejengwa juu ya uti wa mgongo na densi za Afrika Magharibi, na moja ya kumbi zao ina sakafu ya mchanga. Bahari iko hapo hapo, mafunzo na likizo havigombanii siku. Ubaya: hakuna orodha ndefu ya madarasa ya kuchagua kila wiki, unaomba nafasi kwenye warsha mahususi, na kuanzia Julai ni msimu wa mvua. Beba kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa na hudumu maisha, usiende kuchomwa siku ya kusafiri.

Mchanga nao una adabu yake. Kisigino huzama, kano ya kisigino huvutwa kuliko kwenye mbao. Fanya mazoezi ya dakika 15 kwenye mchanga mkavu ufukweni, mara mbili kwa wiki, kwa mwezi mzima. Kisha usijioshe miguu ziwani kwenye maji ya kina kifupi penye majani, kichocho kipo.

Pekupeku_Winam (Kisumu)

Asanteni sana, London nimeifuta. Mawili yamebaki: bima, na kama naweza kubeba omena na nyama kavu.

Karani_wa_Safari

Bima ya Schengen ni ya angalau euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen na ihusishe matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Hiyo ndiyo ya viza. Sasa fungua ukurasa wa yasiyolipwa: bima nyingi za utalii huondoa majeraha ya michezo au mazoezi ya kulipia. Waandikie barua pepe uulize kama goti likiumia darasani linalipwa, na jibu lao ulihifadhi. Tarehe zianze siku ya kutua na zizidi siku ya kurudi kwa siku chache, ndege huahirishwa.

Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii hata kidogo, sahau nyama kavu na mala. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako. Kwa hiyo omena kavu ni sawa, ila zifunge mara tatu kwa heshima ya abiria wenzako.

Mama_Studio (Nakuru)

Samahani kuingilia. Binti yangu ana miaka 15, ni wa ballet, anataka vivyo hivyo likizo ya Agosti. Kuna tofauti?

Mwalimu_Sakafu (Nakuru)

Ipo, mama. Ombi la viza la aliye chini ya miaka 18 hutiwa sahihi na wazazi au mlezi wa kisheria, na akisafiri bila mmoja wenu mtahitaji barua ya idhini. Ianzeni mapema kama baba yuko mbali. Kabla ya kulipa ulizeni shule umri wa chini, na nani analala na watoto usiku. Kama ni mabweni bila msimamizi, msafiri naye.

Kwa ballet angalieni zaidi viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole. Kama hajafanya mwaka mzima wa ncha kwa utulivu, achague kiwango kilicho chini ya kile anachodhani anakiweza. Wiki ya kwanza ya mafunzo ndiyo huumiza kucha za miguu. Abebe jozi mbili zilizokwisha kulainishwa, na zote ziingie mzigo wa mkononi. Sanduku likipotea, leotadi itanunuliwa popote, lakini kiatu kilichozoea mguu wake hakinunuliki.