Albert Nobbs alimtapeli Helen au hakumtapeli?

Mwana_Sakina: Wakuu, heshima kwenu. Jana umeme uliporudi nilikaa na mama watoto tukaangalia Albert Nobbs, ile ya 2011 ya Glenn Close. Kwa ambao hawajaiona: ni Dublin, karne ya 19. Mwanamke anajiita Albert, anaishi kama mwanaume miaka na miaka ili abaki na kazi yake ya uhudumu hotelini. Bakshishi anazificha chini ya ubao wa sakafu, siku moja afungue duka la tumbaku. Halafu anamchumbia Helen, binti wa kazi wa hapo hapo, na hamwambii kitu. Swali langu ni moja: huo si utapeli? Suruali ya kutafutia ugali sina neno nayo, ila uchumba wa kudanganya ni kesi. Mke wangu kakataa katakata. Toka asubuhi chai nimejimiminia mwenyewe.

Binti_Machame: Mleta mada umeruka pale pasipokufurahisha. Helen alikuwa na bwana wake, Joe, na Joe ndiye aliyemtuma amchune Albert. Tapeli nani sasa?

Meku_wa_Pasua: Mimi kilichoniua ni hela chini ya ubao. Mtu anachapa kazi maisha yake yote, anakufa, mama mwenye hoteli anaingia chumbani, anazikuta, anakarabatia hoteli yake! Angekuwa mwanamke wa Kichaga huyo, duka la tumbaku lingekuwa na matawi manne, moja Kariakoo. Ila watu wa Arusha lazima mumwonee huruma, maana na nyie hela zenu hulala chini ya godoro zikisubiri Ijumaa.

Mwana_Sakina: Meku tuheshimiane. Nimeuliza habari ya Helen, wewe umeleta godoro. Hiyo Moshi yenu saa mbili usiku kuna nini zaidi ya mbwa na walinzi?

Meku_wa_Pasua: Watu wamelala mkuu, kesho wana kazi.

Dogo_Ngarenaro: Hahaha, mleta mada kapigwa nje ndani. Lakini Meku, mbona Desemba mkirudi nyumbani magari mengine ni ya kukodi?

Meku_wa_Pasua: Nani kakodi? Taja.

Nyoka_Mstaafu: Mnagombana kwa ajili ya Dublin na machimbo ya tanzanite ya Mirerani haya hapa. Mmemsahau yule mama aliyejiita Mjomba Hussein? Wanawake walikuwa hawaruhusiwi kushuka shimoni, wao kazi yao kuchekecha udongo huko juu. Yeye akavaa kiume, akashuka, akachimba karibu miaka kumi. Matusi anatoa, kisu kiunoni, nani amuulize? Alikuja kujulikana polisi walipomkamata kwa kesi ya kubaka, ndipo ikabidi aseme kwamba yeye mwenyewe ni mwanamke. Mimi nimeshuka mashimo ya Mirerani. Kule chini joto, vumbi la baruti, mtu kabaki na kaptula tu. Kukaa miaka kumi hujavua shati mbele ya wanaapolo, wachimbaji wenzako, ni kazi kuliko kuchimba.

Dogo_Ngarenaro: Si ndiye aliyeiuzia serikali mawe mawili akapata mabilioni?

Nyoka_Mstaafu: Dogo unachanganya mafaili. Huyo ni Laizer, mwaka 2020. Jiwe moja kilo 9 na ushee, lingine kilo 5, akaondoka na bilioni 7.7. Mwanaume kamili yule, ana wake wanne.

Dogo_Ngarenaro: Wanne! Sasa huo ndio uzi wa kufungua.

Mama_Njiro: Turudi kwenye swali, maana naona mleta mada anazidi kukosa chai. Kwenye filamu kuna Hubert, mpaka rangi, naye ni mwanamke kwa siri kama Albert. Ana mke, Cathleen, mshona nguo, na Cathleen anajua kila kitu. Wanaishi vizuri mpaka homa ya matumbo inamchukua Cathleen. Kosa la Albert ni kutosema, basi. (Na wale waliompa Oscar Meryl Streep mwaka ule badala ya Glenn Close Mungu awasamehe. Glenn Close aliicheza nafasi ya Albert jukwaani tangu 1982.)

Mtumishi_Kaloleni: Hapo ndipo nilipozima televisheni. Mke na mke! Wanatuingizia mambo ya kwao taratibu kwa kuvalisha watu suti za zamani. Afrika hatuna hayo.

Mkurya_Ngaramtoni: Mtumishi, umewahi kufika Tarime? Kwetu kuna nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke, watoto wanaozaliwa wanakuwa wa ile nyumba. Mahari kamili, wazee wamekaa. Jumapili wote mnawakuta kanisani.

Mtumishi_Kaloleni: Hayo ni mambo ya kupata mrithi, hawalali pamoja. Usifananishe.

Mkurya_Ngaramtoni: Sijafananisha kitanda. Umesema Afrika mke na mke hakuna, nimekuambia kupo. Albert naye alitaka mtu wa kukaa naye kaunta, huo mlango wa chumbani umeufungua wewe.

Binti_Machame: Asante Mkurya, mrithi ndilo neno. Meku narudi kwako, usidhani nimesahau. Hilo duka la mwanamke wa Kichaga lenye matawi manne limeandikwa jina la nani? Baba yangu alipofariki mimi ndiye niliyelipia hospitali, na mahindi ya msibani nilinunua mimi. Ukoo ulipokaa, kihamba, yaani shamba letu la urithi, kikagawanywa kwa kaka zangu wawili, mkubwa na kitinda mimba. Nikaambiwa mimi ni mtu wa kuondoka.

Meku_wa_Pasua: Dada pole. Lakini mila ina sababu yake. Ukiolewa unakuta kihamba kwa mumeo, ukichukua na cha kwenu unakuwa na viwili.

Binti_Machame: Sijaolewa, nina miaka 41. Na kaka mkubwa yuko Mwanza mwaka wa kumi na moja, migomba inakatwa na mimi.

Mama_Njiro: Aende baraza la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ile ile ya mwanaume. Na kuna ile kesi ya Bukoba, Mahakama ya Rufani, bibi aliuza shamba alilorithi kwa baba yake...

Mkurya_Ngaramtoni: Siyo Rufani, ni Mahakama Kuu Mwanza, 1990, Jaji Mwalusanya. Bibi alishinda.

Meku_wa_Pasua: Kumshtaki kaka yako wa tumbo moja? Halafu Krismasi mnakaaje meza moja? Mahakama haichinji mbuzi.

Binti_Machame: Mbuzi wa mwaka jana nilinunua mimi, Meku. Shingo sikuonja.

Nyoka_Mstaafu: Yule mama wa Mirerani angeomba kishamba kwao angeambiwa hayo hayo, akaona bora kuitwa Mjomba.

Meku_wa_Pasua: Tunaongea kihamba, wewe unaleta mawe. Dada, kihamba chenyewe kina ukubwa gani? Kina kahawa bado au mliing'oa?

Binti_Machame: Unataka kununua?

Meku_wa_Pasua: Nauliza tu.

Binti_Machame: Nimekujua sasa.

Mwana_Sakina: Jamani, Helen. Utapeli au siyo?

Dogo_Ngarenaro: Mkuu, hiyo filamu ipo iliyotafsiriwa? Kiingereza cha Ireland siambulii kitu.

Mwana_Sakina: Haijatafsiriwa. Lete flashi dukani, ila usije saa ya chakula, mke wangu ndiye anakaa kaunta leo.