Yule bwana ameuliza kama Port Arthur ni jina la sabuni

Mwana_wa_Houston (mleta mada)

Wakuu, salaam. Simtaji mtangazaji huyo jina kwa sababu hakuna haja; kila anayefuatilia hip hop kwa Kiswahili mtandaoni usiku wa Jumamosi anamjua, na anakijua kile kikohozi chake cha kabla ya kutoa hukumu. Usiku huu ametangaza orodha ya albamu kumi ambazo, kwa madai yake, ndizo zilizoipa hip hop heshima, na katika zote kumi hakuna hata moja iliyotoka Kusini mwa Marekani. Nikapiga simu. Nikamwuliza kwa adabu zote, nikimwita kaka, Ridin' Dirty, albamu ya kundi la UGK, ina kasoro gani. Nikamweleza kwamba marapa wa kundi hilo, Bun B na Pimp C, walitoka Port Arthur, Texas, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta, na kwamba albamu ile ya mwaka 1996 iliuzwa kuliko kazi zao nyingine zote ingawa haikutolewa na video hata moja. Nikasikia akiweka kikombe mezani. Kisha akauliza, wasikilizaji wote wakisikia, kama Port Arthur ni jina la sabuni. Akacheka. Akakata simu huku bado anacheka.

Sabuni, wakuu! Mimi naishi Houston, na Port Arthur ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa ninapoandika. Kicheko chenyewe kilikuwa kirefu kiasi kwamba Lil Wayne, rapa asiyechoka kurekodi, angekuwa ameshamaliza kurekodi albamu mbili na kuanza ya tatu. Mtu anayejiita mchambuzi wa hip hop, mwenye kipindi kinachosikilizwa Muscat, Nairobi na Minneapolis, hajui mji alikotoka Pimp C, na badala ya kunyamaza au kuuliza, anacheka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kipindi chake hufunguliwa kwa mdundo wenye besi nzito ya mashine ya ngoma ya 808 na zile hi-hat (matoazi) zinazotetemeka, yaani trap yenyewe, muziki ambao T.I., Jeezy na Gucci Mane waliutoa mitaa ya Atlanta ukaenea dunia nzima. Kila Jumamosi anaingia hewani juu ya mgongo wa Kusini, kisha anaitukana Kusini. Scarface, rapa wa hapa Houston, alitoa albamu ya The Diary mwaka 1994, na kabla ya hapo, mwaka 1991, yeye na wenzake wa kundi la Geto Boys walikuwa wamesharapu waziwazi kuhusu hofu na akili inayomsumbua mtu usiku, wakati marapa wengi walikuwa bado wanashindana kujionesha hawaogopi chochote. Haya nilikuwa tayari kumweleza. Nilikuwa nimeyapanga kichwani. Lakini aliuliza habari ya sabuni, akacheka, akakata.

Binti_Tandale

Pole sana kaka, nilikuwa nasikiliza na nilikusikia. Hicho kicheko hakikuanza leo. Mwezi Agosti 1995, kwenye tuzo za jarida la hip hop la The Source jijini New York, OutKast wa Atlanta walipotangazwa washindi wa kundi jipya bora walizomewa ukumbi mzima, na mmoja wao, André 3000, akasimama pale pale akawaambia kwamba Kusini ina la kusema. Miaka tisa baadaye OutKast hao hao walichukua Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka kwa Speakerboxxx/The Love Below. Huyu wetu angekuwa ukumbini siku ile, angezomea mpaka sauti imkauke.

Mzee_wa_Boom_Bap

Mleta mada, nimeusoma uzi wako mara mbili nikitafuta hoja, nimekuta sabuni tu. Umempigia simu mtu ambaye kwa miaka yote hajawahi kuficha kwamba kwake hip hop inaanzia Bronx na kuishia Queens, yaani New York tu, kisha unashangaa. Bun B mwenyewe hajalalamika, wewe wa kumlilia umetoka wapi? Orodha ni ya kwake, nawe unaweza kutunga ya kwako.

Mwana_wa_Houston (mleta mada)

Mzee, sijamkataza kutunga orodha. Angesema tu kwamba albamu haimpendezi, ningesema asante na kulala. Bun B unayemtaja aliwahi kualikwa na Chuo Kikuu cha Rice hapa Houston mwaka 2011 kufundisha somo la dini na hip hop pamoja na profesa wa chuo hicho. Chuo kikuu kilimpa darasa, na mji uliomzaa unaulizwa kama ni sabuni! Na hakuuliza kwa kutaka kujua. Alikuwa ameshaanza kucheka kabla ya kumaliza swali.

Kanda_ya_Memphis

Poleni, lakini naomba niseme kinachonichoma mimi. Kila mara Kusini inapotetewa humu inatetewa Texas, na baada ya Texas inatajwa Atlanta, kisha mjadala unafungwa. Three 6 Mafia, kundi la Memphis, walitoa albamu ya Mystic Stylez mwaka 1995, na giza lile la midundo ya DJ Paul na Juicy J wa kundi hilo ndilo ambalo vijana wa mabara yote wanaliiga leo bila kujua walikolitoa. Ule mtiririko wa silabi tatu tatu ambao dunia iliubatiza jina la Migos, kundi la Atlanta, kuanzia mwaka 2013, Lord Infamous wa Three 6 Mafia alikuwa akiurapu Memphis miaka ya 1990. Mwaka 2006 Three 6 Mafia walichukua Oscar. Gangsta Boo, rapa wa kike wa kundi hilo, alifariki Januari 2023, na katika uzi mzima wa kuitetea Kusini hakuna aliyemkumbuka. Mleta mada amelalamikia orodha isiyo na Kusini, kisha naye akaandika Kusini isiyo na Memphis.

Binti_Tandale

Kuhusu Gangsta Boo uko sahihi kabisa, na hilo nalibeba.

Bayou_Kigamboni

Memphis mnalalamika, na sisi wa New Orleans tuseme nini? Mnabishana juu ya nani katajwa wakati tatizo la muziki huu ni mikataba. Master P aliishika lebo yake ya No Limit kwa mikono yake akatajirika, lakini wangapi walifanikiwa hivyo? Lil Wayne, baada ya albamu yake Tha Carter III kuuza zaidi ya nakala milioni moja katika wiki ya kwanza mwaka 2008, ilimbidi mwaka 2015 aishtaki Cash Money, lebo iliyomlea tangu utoto, akidai dola milioni 51. Tha Carter V tuliyoahidiwa mwaka 2014 tuliipata Septemba 2018. Kwa miaka hiyo yote sisi mashabiki tulikaa tunahesabu miezi. Hiyo ndiyo dhuluma ya kufunguliwa uzi, si kicheko cha mtangazaji.

Mzee_wa_Boom_Bap

Kwa hiyo mmekubali kwamba hata kati yenu hamjaelewana Kusini ni wapi.

Ufukwe_wa_Miami

Afadhali umesema, Mzee, maana wote hawa wameipita Florida kana kwamba haipo. 2 Live Crew, kundi la Miami, walifikishwa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1994 majaji wote kwa pamoja wakaamua kwamba kuugeuza wimbo wa mtu kuwa mzaha kunaweza kuwa matumizi halali hata kama unauzwa. Marapa na wachekeshaji wanaofanya mzaha wa nyimbo leo wanapumua kwa sababu ya Miami.

Kanda_ya_Memphis

Miami ni muziki wa dansi. Na kwa utamaduni Miami ni Karibea, si Kusini.

Ufukwe_wa_Miami

Fungua ramani, ndugu. Miami iko kusini kuliko Houston, kuliko New Orleans, na kuliko Memphis yako ambayo ukikohoa kidogo uko Kentucky.

Bayou_Kigamboni

Ramani haitengenezi muziki. Kama mnataka kujadili Florida, fungueni uzi wenu.

Ufukwe_wa_Miami

Nimeshaufungua, na umeshaupita huu kwa wachangiaji. Mzee_wa_Boom_Bap yuko kule tayari.