Mjadala: Je, televisheni ya utotoni imewafinyanga au imewapofusha waandishi wetu wa hadithi?

Mtoa mada (Moshi)

Ndugu zangu, Jumamosi iliyopita tulikutana waandishi chipukizi tisa hapa Moshi, kila mmoja akiwa na sura ya kwanza ya riwaya yake. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba katika sura sita kati ya hizo tisa kuna jumba lenye ngazi ndani, na kuna mtu anayezishuka kwa hasira. Akauliza ni nani miongoni mwetu aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo. Hakuna aliyenyoosha mkono, kwa maana sisi ni watoto wa Majengo, Pasua na Njoro. "Ngazi hizo mlizipanda kwenye televisheni mkiwa wadogo," alisema, "na hadi leo hamjashuka."

Naileta hoja hii mbele yenu kwa sababu naamini mwalimu amesema kweli. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, tena ya rangi, lakini huku Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, na Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, walijifunza kusimulia pasipo kioo hicho, ilhali sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ndio wa kwanza kulelewa mbele yake. Nikiwa darasa la sita nilikuwa nikienda kwa jirani kila jioni ya mchezo wa kundi la Kaole, tukiketi sakafuni watoto zaidi ya kumi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ugomvi hutokea sebuleni, kwamba tajiri hutambulikana kwa makochi yake, na kwamba mtu mwenye siri huizungumza peke yake kwa sauti. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Kamera haiwezi kuingia moyoni mwa mtu, ndiyo maana mwigizaji hulazimika kusema peke yake. Lakini kalamu inaweza, na bado mimi, mwenye kalamu, huwasimamisha wahusika wangu mbele ya kioo wajisemee.

Mchangiaji wa kwanza (Arusha)

Heshima kwako, mtoa mada, na shikamoo yangu imfikie mwalimu wako. Hata hivyo, naona televisheni inabebeshwa mzigo usio wake. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, alikuwa akifukuzana na majasusi kwa magari na bastola miaka mingi kabla ya 1994, na wasomaji walimpenda kwa sababu walikwisha kuzoea mambo hayo katika majumba ya sinema. Vivyo hivyo, desturi ya kumwacha msomaji njia panda kwa neno "itaendelea" tuliirithi kutoka hadithi za magazetini.

Pia umesahau jinsi wengi wetu tulivyotazama. Mimi sikuwa na jirani mwenye televisheni. Nililipia kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, huku Unga Limited, na filamu tulizoziona zilikuwa zimetiwa sauti ya mtafsiri, Lufufu akiwa maarufu kuliko wote. Yeye hakuishia kutafsiri maneno ya waigizaji, bali alitueleza mtu huyu anawaza nini, alimwonya shujaa, alikumbusha tukio lililopita na kuongeza methali pale filamu yenyewe ilipokuwa kimya. Ile picha ilitoka Marekani au Hong Kong, lakini msimulizi alikuwa wetu, akifanya kazi ileile ya bibi anayesimulia karibu na mafiga. Nikiandika leo nasikia sauti hiyo, na siioni kuwa ni hasara hata kidogo.

Mchangiaji wa pili (Tengeru)

Naunga mkono mtoa mada, kwa ushahidi wa redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na watafiti waliufuatilia kwa makini: eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo kwa miaka miwili ili lilinganishwe na maeneo mengine, na ikaonekana kwamba waliousikia waliongeza matumizi ya uzazi wa mpango. Ikiwa dereva wa lori wa kubuni, yule Mkwaju, aliweza kuwafanya watu wazima wazungumzie upya mambo ya ndoa zao, tunawezaje kudhani kwamba mtoto wa miaka kumi anaweza kutazama michezo kila wiki na asibaki na chochote?

Mtoa mada (Moshi)

Ndugu yangu wa Arusha, kuhusu mtafsiri wa filamu nimekubali bila kinyongo. Sikuwa nimelifikiria, na sasa naona kwamba yeye aliziba pengo lilelile ninalolilalamikia, kwa kuingia moyoni mwa mtu ambamo kamera ilishindwa. Ila hakuweza kubadili nyumba iliyokuwa kwenye picha, na swali la mwalimu lilihusu nyumba.

Juzi usiku niliiandika upya sura yangu. Niliondoa jumba na ngazi zake, nikawahamishia mume na mke katika chumba kimoja cha kupanga, kwenye nyumba yenye wapangaji sita, ukuta usiofika darini na bomba moja la maji uani. Mara nikagundua kwamba hawawezi tena kupigiana kelele, kwa kuwa jirani atasikia kila neno. Ikabidi wagombane kwa kunong'ona, huku mke akiendelea kuchambua mchele, na maneno mengi waliyokuwa wakirushiana katika rasimu ya kwanza yakabaki vifuani mwao, ambako ilinibidi niyafuate mwenyewe kwa kalamu. Nimeandika kurasa nne ambapo hakuna anayeinua sauti, na bado sijamaliza ugomvi wao.